Kiangazi hiki nimemsomea Mama vitabu kwa sauti: kuanzia Victor Hugo mpaka riwaya za mapenzi za faranga 2.000

Mleta uzi (Lubumbashi):

Wakubwa kwa wadogo, salamu toka Lubumbashi. Uzi huu ni mrefu, atakayechoka apumzike arudi kesho.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa, sekondari. Kwetu likizo kubwa inaangukia katikati ya kiangazi, mwezi wa saba na wa nane, wakati asubuhi baridi inauma na vumbi jekundu linaingia hata ndani ya sahani iliyofunikwa. Mwezi wa sita Mama alitolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia. La kushoto bado linangoja zamu yake. Daktari alimkataza kuinama, kubeba vizito, kupuliza moto na kukaa penye vumbi. Sasa mwanamke wa Katuba, mtaa wetu hapa mjini, mwenye miaka 71, ukimkataza kupuliza mbabula (jiko la makaa) na kufagia uwanja, umemwachia nini? Siku tatu alikaa kwenye kiti chake akielekea ukutani. Siku ya nne akaniita:

"Bile bitabu unasomeaka batoto ya bantu, miye siwezi kubisikia?"

Ndivyo tulivyoanza. Kila jioni, bukari (ugali wetu) ikishaliwa na vyombo vikishaoshwa, nilikuwa navuta kiti karibu na chake, nawasha taa ya sola kama umeme umekatika (na ulikatika siku nyingi), nasoma. Mama aliishia darasa la nne. Kifaransa anakisikia nusu, tena kile cha dukani na cha kanisani. Kwa hiyo macho yangu yalikuwa yanasoma Kifaransa, mdomo unatoa Kiswahili. Wiki ya kwanza nilikuwa nalala na kichwa kinauma.

Nimekuwa nikisoma riwaya tangu nina miaka kumi na miwili, nimezisomea chuo, ninazifundisha. Lakini sikuwahi kusoma namna hii. Ukisoma peke yako unaweza kuruka ukurasa na kitabu hakilalamiki. Mama analalamika. Ana neno moja tu: "Rudia." Akilitamka, ujue hapo pana kitu. Asipolitamka kwa kurasa ishirini, ujue mwandishi anajisemea mwenyewe.

Nilianza na Hugo, Les Misérables ya 1862, kwa sababu ndicho kitabu kinene kuliko vyote nilivyonavyo, na nilidhani unene ndio heshima. Kitabu kile kinafungua na sura 14 nzima juu ya askofu mmoja kabla mhusika mkuu, mfungwa Jean Valjean, hajatia mguu. Wanafunzi wangu wote hufia hapo. Mama ndipo alipopapenda kuliko pengine pote. Alitaka kujua askofu analala wapi, anakula nini, amebakiza nini baada ya kugawa. Nilipofika kwenye vyombo vya fedha, vijiko na uma za watu sita na vinara viwili vya mishumaa, akanyoosha mkono kunisimamisha: "Hivyo ni vya mama yake au amenunua?" Kwake hiyo ndiyo ilikuwa hoja. Mtu anayetoa cha kurithi ametoa kingine kabisa. Valjean akaiba vile vijiko, maaskari wakamrudisha, askofu akamwambia mbona umesahau na vinara. Mama: "Rudia." Nikarudia mara tatu.

Tulipofika vita vya Waterloo, sura 19, nilimwona anahesabu mishono ya shali yake. Nikafunga kitabu. Kesho yake akaniambia kwa upole kwamba angependa kitu chenye watu wachache zaidi.

Mleta uzi (Lubumbashi), inaendelea:

Nikaenda mjini. Kuna kijana huwa anatandaza vitabu vikuukuu juu ya turubai pembeni ya barabara, kamusi, vitabu vya sheria, misale, na rundo la riwaya za mapenzi za Harlequin zilizoanikwa jua mpaka majalada yamekuwa rangi ya chai. Faranga 2.000 moja, ukichukua tatu anapunguza. Nikachukua tatu.

Wengi tunazijua hizo riwaya tangu shule ya bweni, zikipita chini ya mito ya vitanda. Kampuni yenyewe ilianzia Kanada, Winnipeg, mwaka 1949, na kwa Kifaransa zilianza kutoka 1978. Chuoni mwalimu mmoja alituambia kwamba mwenye kusoma hizo asijiite msomaji. Nilimwamini miaka kumi na mitano.

Kisa cha ile ya kwanza: muuguzi, daktari mpasuaji mwenye hasira, hospitali kando ya bahari. Mama alisikiliza kwa mwili mzima. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka hospitali juzi. Aliwajua watu wale: muuguzi anayeshika mkono wa mgonjwa wakati daktari amesimama mlangoni anatazama saa. Alikuwa anabishana na yule daktari kana kwamba amekaa sebuleni kwetu. Siku tatu tukawa ukurasa wa 140 na kitu, yule daktari amemfuata muuguzi uwanja wa ndege, anafungua mdomo, basi. Karatasi za mwisho hazipo. Zimechanwa.

Nikamwambia Mama, wala usihuzunike, hizi zote zinaisha kwa ndoa. Akanitazama kwa jicho lake jipya.

"Najua inaisha kwa ndoa. Nataka kujua alisema nini."

Wanauzi, sentensi hiyo imenikaa. Ndiyo jibu kwa yule mwalimu wangu, na nimeipata kwa mtu wa darasa la nne. Mwisho wa riwaya ya mapenzi unajulikana kabla hujainunua. Msomaji anachotafuta ni njia: mwanamume mwenye kiburi atapata maneno gani, na mwanamke atayapokea au atayarudisha. Hata Misa mwisho wake unajulikana.

Usiku ule Mama alitunga mwisho wake. Muuguzi hakubali uwanja wa ndege. Anamwambia daktari: kama una neno, baba yangu ana nyumba, nyumba ina mlango, njoo na wajomba zako. Anapanda ndege. Daktari anakwenda na wajomba, na ni mjomba mkubwa, siyo daktari, anayeomba msamaha kwa zile hasira zote. Mahari inapangwa, mama mtu anapewa kitenge chake. Mama alilieleza jambo lile kwa nusu saa, na mtoto wa dada yangu aliyekuwa amejifanya amelala akauliza rangi ya kitenge.

Mchangiaji (Likasi):

Mwalimu, uzi mzuri, lakini nitasema ukweli. Sisi tuna mwandishi Mudimbe, mzaliwa wa hapa hapa Likasi, 1941, amefundisha hapo Lubumbashi, dunia nzima ilimsoma na mwaka 2025 tumemzika. Mama wa Katuba anastahili kumsikia huyo kabla ya madaktari wa kando ya bahari. Harlequin haijui hata kama Katanga ipo.

Mleta uzi (Lubumbashi):

Ndugu wa Likasi, nakuheshimu, na maumivu yako nayaelewa. Nilimsomea Mama Entre les eaux, ile ya 1973, padri Pierre Landu anayeacha parokia kwenda msituni na waasi. Si yote, kama theluthi. Mama ni Mkatoliki wa kila asubuhi, nilidhani atakasirika. Hakukasirika. Aliuliza nani alilipa masomo ya huyo padri mpaka Roma, na kama hao waliolipa aliwaaga. Hapo nikaona kitu ambacho nimekifundisha mara sita bila kukiona: Landu anafikiri mno juu ya Mungu, juu ya Marx, juu ya nafsi yake, na watu wa nyumbani kwao wanapita mbali sana. Sijui kama Mudimbe alikusudia hivyo, lakini upweke wa kitabu kile umo pale. Mama alisema, "Huyu mtoto hana mtu wa kumwambia kula." Tukasimama hapo kwa sababu alianza kumwombea.

Kuhusu kutojua kama Katanga ipo, hoja yako ni ya kweli. Ndiyo maana Abidjan walianzisha mfululizo wa Adoras mwaka 1998, mapenzi ya kwetu Waafrika, majina yetu, shangazi zetu ndani. Nilipata moja tu hapa mjini, na aliyeniazima anaililia kila siku. Ningetoa hata faranga 10.000 kwa ya pili.

Mchangiaji (Goma):

Unatafsirije papo hapo? Mimi nikijaribu kwa bibi yangu nakwama kwenye kila sentensi ya tatu.

Mleta uzi (Lubumbashi):

Usitafsiri sentensi, dada. Soma aya nzima kimya, inua macho, mwambie kama unayempa habari za jirani. Mazungumzo tu ndiyo ya kufuata neno kwa neno. Na usifiche pale unapokwama, mweleze, yeye atakupa neno. "Orgueil" nilihangaika nalo: kiburi? majivuno? maringo? Mama alisema inategemea kama mtu anacho cha kuringia.

Na hapo nimefika kwenye kitabu nilichotaka kukizungumzia tangu mwanzo.

Jane Austen, 1813, Orgueil et Préjugés. Nilikichukua kwa sababu ya yule daktari wa uwanja wa ndege, nikijua hizi riwaya zote za mwanamume mwenye kiburi zimenyonya kwa bibi huyo mmoja. Familia ya Bennet: baba, mama, mabinti watano, hakuna mwana. Nyumba wanayokaa, baba akifa, inakwenda kwa ndugu wa kiume, mchungaji Collins. Mama wa nyumba hana kazi nyingine isipokuwa kutafutia mabinti waume, anapiga kelele, anaaibisha watu karamuni, analia mishipa inamsumbua.

Chuoni tulifundishwa kumcheka. Mimi mwenyewe nikifika kwa Mama Bennet huwa nabadilisha sauti darasani ili watoto wacheke. Nikafanya hivyo na nyumbani.

Mama hakucheka. Aliniacha nimalize, akauliza: "Huyo mzee akifa kesho, wanakwenda wapi?"

Nikaeleza tena: Collins anachukua nyumba.

"Na vyombo?"

Sikuwa na jibu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hapigi kelele ya bure."

Niwaambie kwa nini swali lile lilikuwa zito. Baba alipofariki mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Matanga hayajaisha, wadogo zake watatu walikuja na daftari la shule, lile la kurasa 48, wakaanza kuandika: makochi, friji, bati kumi na nane zilizokuwa bado hazijaezekwa, mashine ya kushona. Mashine ile Mama aliinunua kwa fedha ya kuuza unga katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, ndoo moja moja. Mmoja wao aliketi kitandani kwa Baba, akaruka kidogo kupima springi. Nakumbuka sauti ya springi zile. Sheria ya familia ya 1987 inamlinda mjane, nimeisoma baadaye, lakini siku ile hakuna aliyekuja na sheria. Walikuja na daftari. Mama hakupiga kelele. Alisimama mlangoni na kanga ya matanga, akawaangalia mpaka wakamaliza. Sasa baada ya miaka yote hii amekaa mbele yangu anamtetea mwanamke wa Uingereza ambaye mimi nimewafundisha watoto mia kadhaa kumcheka. Mwezi wa tisa nikirudi darasani sitabadilisha tena sauti.

Toka hapo alikishika kitabu kwa namna yake. Collins anapomposa Elizabeth, binti wa pili wa Bennet, sura ya 19, na Elizabeth anakataa, mimi nilitegemea Mama afurahi. Alikasirika! "Na wadogo zake? Na mama yake?" Charlotte, rafiki wa Elizabeth, miaka 27, hana sura wala mali, alipomkubali huyo huyo Collins, Mama akasema huyu ana akili, amejipatia mlango wa kufunga. Tulibishana mpaka makaa yakafa kwenye mbabula. Mimi: bila mapenzi? Yeye: mapenzi yanakuja na kuondoka, paa linabaki. Sikukubali na mpaka leo sijakubali, lakini Austen mwenyewe amempa Charlotte maneno yake ya kujitetea, na siku zote nilikuwa nayapita haraka.

Kisha sura ya 34. Darcy, yule tajiri mwenye kiburi, anaingia, anamwambia Elizabeth anampenda, halafu katikati ya kupenda anaeleza jinsi familia ya Elizabeth ilivyo ya chini na jinsi alivyojitahidi asimpende. Niliisoma aya ile polepole. Mama aliacha shali. Elizabeth akajibu, akamkatalia, akamwambia hakujibeba kama mtu muungwana.

"Rudia."

Nikarudia.

"Rudia pale anaposema hakujibeba vizuri."

Nikarudia. Akasema, "Huyu sasa amekataa kwa haki. Yule mchungaji alitukana tumbo lake tu. Huyu Darcy ametukana mama yake." Alikuwa amemsamehe Elizabeth.

Mchangiaji (Bukavu):

Mwalimu nimesoma hadi hapa na chai imepoa. Swali: mbona hakuna cha Kiswahili? Mpe Peponi, ile Paradise ya Gurnah aliyoitafsiri Ida Hadjivayanis, imetoka 2022. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anatolewa kwa mfanyabiashara kulipa deni la baba yake, na msafara wao unavuka ziwa kuja upande wetu huu. Kwa mtu wa huku ni kama kusoma barua iliyochelewa.

Mleta uzi (Lubumbashi):

Asante ndugu wa Bukavu, kama unayo nakala nitamtuma mtu wa basi aichukue, niandikie. Cha Kiswahili kilikuwepo, nilikuwa nakuja.

Nilimsomea Kusadikika ya Shaaban Robert, 1951. Nilifurahi kwamba sitatafsiri. Kumbe nilitafsiri kuliko siku zote! Kwetu hicho kinaitwa Kiswahili bora, na Mama kwake Kiswahili bora ni cha padri na cha redio, unakaa vizuri kitini unapokisikia. Karama anasimama barazani, Majivuno amemshtaki, na siku baada ya siku anasimulia wajumbe sita waliotumwa pande zote za dunia, kila mmoja akarudi na jambo jema, kila mmoja akatiwa gerezani. Mjumbe wa tatu aliporudi, Mama alisema kabla sijafungua ukurasa: "Amefungwa." Wa nne: "Amefungwa." Alisema kwa huzuni ya mtu anayeijua nchi hiyo. Alikiheshimu sana kitabu kile. Hakusema rudia hata mara moja.

Sasa sikilizeni. Mwenzangu aliyesoma Unilu (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) aliniazima fotokopi ya Vocabulaire de la ville d'Elisabethville. Wasioijua: ni historia ya mji huu iliyoandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa ajili ya chama cha waliokuwa maboi na wapishi wa Wazungu. Mwaka uliofuata mji ukaacha kuitwa Elisabethville. Imeandikwa kwa Kiswahili chetu, siyo bora, kile cha Katuba na Kenya, maneno yamekatwa na kuunganishwa kama sikio lilivyoyasikia. Johannes Fabian aliyeichapisha 1990 ilibidi amtafute mtu wa Katanga aisome kwa sauti ndipo ieleweke. Mimi, mwalimu wa lugha, niliitazama ile karatasi kwa macho nikaona vurugu. Nikafungua mdomo, ikawa mtu anaongea.

Baba yake Mama alikuwa mpishi kwa Wazungu mjini kati. Alilala boyerie, kile chumba cha nyuma ya uwanja, na Jumamosi alirudi kwa watoto kwa baiskeli. Hilo nililijua. Nililokuwa sijui ni kwamba Mama anaisikia sauti yake mpaka leo. Nilisoma mistari kama kumi. Mama akaanza kusema sentensi pamoja nami, akizimalizia kabla yangu, si kwa sababu anakijua kitabu, ila kwa sababu anajua mtu wa namna ile sentensi yake inaangukia wapi. "Njo vile baba alikuwa nasema." Kisha hakutaka tena nisome. Alianza yeye. Jinsi baba yake alivyofundishwa supu na bibi wa Kibelgiji aliyekuwa anamwita kwa kengele ndogo ya shaba. Jinsi walivyoonywa wasipite njia fulani usiku, batumbula, wale watekaji wa watu wanaosimuliwa, wasije wakawakamata. Jinsi siku ya mshahara alivyoleta mkate mweupe umefungwa kwa gazeti, na watoto walikula kwanza ganda. Nilichukua daftari. Nimejaza kurasa 31 na hatujafika uhuru.

Mchangiaji (Goma):

Na riwaya ya Tram 83? Mwandishi wake, Fiston Mwanza Mujila, ni wa hapo kwenu.

Mleta uzi (Lubumbashi):

Hicho nilikisoma peke yangu, usiku, Mama akiwa amelala. Kina wasichana wa baa, wachimbaji, matusi, stesheni ya chuma isiyomalizika kujengwa. Sikuthubutu kukisoma mbele yake. Najuta kidogo, maana ndicho kitabu pekee kati ya vyote kilichoandikwa kwa ajili ya mdomo: kinarudiarudia kama kibwagizo, kinapumua kama tarumbeta. Nilijikuta nakisoma kwa sauti jikoni, mlango umefungwa. Labda mwakani.

Nimalizie na Mariama Bâ, Une si longue lettre, 1979, kwa sababu huyo nina shida naye ya kuomba msaada. Ramatoulaye yuko katika miezi minne na siku kumi za kukaa eda, anamwandikia rafiki yake Aïssatou. Kitabu ni kidogo, tulikimaliza jioni nne. Siku ya arobaini kaka wa marehemu, Tamsir, anakuja na wazee, anatangaza kwamba eda ikiisha atamrithi mjane. Na Ramatoulaye, aliyekaa kimya miaka 30, anafungua mdomo.

Mama alinifanya nirudie ukurasa ule mara saba. Mara ya saba alikuwa amesimama, na alikatazwa kusimama ghafla.

Jumapili iliyofuata alikiomba kitabu, akakitia kwenye mfuko wake wa kanisa pamoja na rozari na chupa ya dawa ya macho. Nikamwambia, Mama, kiko kwa Kifaransa na jicho moja bado. Akasema si cha kwake. Kiko sasa kwa chama cha wajane wa parokia. Nasikia mjukuu wa mmoja wao, mtoto wa mwaka wa nne sekondari, anawasomea Alhamisi baada ya sala, na wiki iliyopita walikuwa bado kwenye ukurasa wa Tamsir.

Kwa hiyo, mwenye nakala ya ziada hapa Lubumbashi, mpya au kuukuu, yenye karatasi zote, aniandikie. Shule inafunguliwa mwezi wa tisa, na hiyo ya kwangu sidhani kama itarudi.